Upana wa Kidole

Nimeipindua baiskeli miguu juu
katika ua wa ndani, mtaa wa Wschodnia,
pale matofali yanapotoa jasho jeusi la makaa
na Novemba imeingia na virago vyake, haina dalili ya kuaga.
Saa moja na nusu. Saa mbili Radzisław ataanza kupiga simu:
bahasha ya wakili,
meno ya bandia ya daktari Pokora,
keki ya mtu anayetimiza arobaini huko Bałuty.
Nami nina spana namba kumi na tano
na vidole visivyonisikia.

Baiskeli hii haina friwili.
Ukichoka kukanyaga, yenyewe haijachoka;
gurudumu likienda, miguu huenda,
gurudumu likigoma, miguu hugoma.
Haina kamani ya kumeza makosa ya mtu.
Ina mianya miwili nyuma ya fremu,
ekseli inateleza humo, mbele, nyuma,
na wa kusema "basi, hapa"
ni mimi.

Jana nilisema vibaya.
Kwenye reli za tramu mnyororo uliolegea uliruka,
ukajibana kati ya meno na fremu,
gurudumu likasimama kama punda,
nikaona anga,
kisha nikaona kiwiko changu kwa ndani.

Kwa hiyo leo nakaza kwa hasira.
Navuta gurudumu nyuma kwa mikono miwili,
nafunga nati ya kulia, gurudumu linaegemea kushoto
na kuibusu fremu;
nafunga ya kushoto, linarudi kulia na busu lake.
Mnyororo umekuwa mshipa wa shingo ya mwenye deni.
Nazungusha pedali. Inaguna.

Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguka.
"Unamkaba nani huko chini?"

Bi Halszka. Miaka thelathini na mmoja
alisimamia mashine za kufuma,
kiwanda ambacho leo wanauza viatu na kahawa ya bei mbaya.
Sikio moja aliliacha mle.
La pili linamtosha.
Akashuka na ndara, shali kichwani.
Baiskeli hajapanda hata siku moja, akaniambia,
kwa fahari, kama mtu asiyewahi kulala rumande.

Akaweka kidole cha shahada katikati ya mnyororo.
"Zungusha. Polepole, si shindano."
Nikazungusha. Kidole kikapanda, kikazama, kikapanda.
"Hapa umekaza. Hapa umelegea. Hapa umekaza tena."
Sahani ya meno si duara kamili, nikajitetea,
ndivyo zinavyotoka kiwandani.
Akanitazama. "Na mimi nilitoka wapi?

Uzi wa mtande ukiukaza mno
unakatika saa nane usiku, msimamizi anakuja na daftari.
Ukiulegeza, mshindio unapita ovyo,
nguo inatoka na kovu.
Tafuta pale panapobana kuliko kote.
Pimia hapo.
Kwingine kutajitunza."

Nikalegeza.
Robo ya nati kulia, robo kushoto,
gurudumu likatembea mianyani
kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima,
nami nikichungulia mwanga kati ya tairi na fremu:
huku kidogo, kule kidogo, huku,
sasa mwanga ni ule ule pande zote mbili.
Palipobana, mnyororo ukacheza
upana wa kidole.
Kidole chake, chembamba, kilichopinda kwenye kifundo.
Nikakaza nati mpaka spana ikalia.
"Hiyo," akasema, na hakueleza hiyo ni ipi.

Nilichelewa dakika kumi na mbili.
Radzisław alinitukana ukoo mzima, keki ikafika imeegama.
Kwenye reli za tramu nilipunguza mwendo kwa mapaja tu,
na chini yangu
hapakuwa na sauti ya kitu chochote.

Jioni niliporudi, taa yake ilikuwa inawaka.
Kwenye pazia jeupe la ghorofa ya kwanza
kulikuwa na doa la grisi, jeusi, refu kama kidole.
Ni Alhamisi leo.
Bado hajalifua.